Kangema Hatungojei Intel, Tunangojea Ofisi ya Manchester

Tangu bonasi ya majani chai iingie Oktoba, swali ninaloulizwa sana kwa inbox ni moja: "Niaje, ninunue laptopu saa hii ama ningoje prosesa mpya zitoke?" Ameuliza kijana wa Kanyenya-ini anayenukuu sauti kuwa maandishi mtandaoni, ameuliza dada anayesomea uhasibu Murang'a mjini, na juzi ameuliza hata mwalimu wangu wa zamani. Wote wamesikia habari moja. Oktoba hii ya 2025 Intel ilionyesha prosesa zake zinazofuata, Panther Lake, na laptopu zake tunaambiwa ni za mwaka ujao. AMD nao wana zao njiani. Basi watu wamesimama na pesa mkononi kama abiria anayekataa matatu iliyo nusu kwa sababu amesikia kuna ingine nyuma, na ati hiyo ina viti vya ngozi.

Ningejibu kwa neno moja tukamaliza. Lakini hili swali lina historia, tena lina historia mbili. Kuna ya kule chipu zinakotengenezwa, na kuna ya kwetu. Wale wazito wa YouTube wanaotushauri wanasoma kalenda ya kule. Sisi huku mlimani tunaishi kwa kalenda nyingine kabisa, na sioni mtu akiiandika.

Tuanze na ya kule, ndiyo inajulikana.

Mwaka 1965 Gordon Moore, ambaye miaka mitatu baadaye angekuwa mmoja wa waanzilishi wa Intel, aliandika kwamba idadi ya vipande vinavyobanwa kwenye chipu moja inaongezeka mara mbili kila mwaka. Mwaka 1975 akarekebisha, akasema kila miaka miwili. Watu wakaiita sheria, ingawa haikuwa sheria ya maumbile, ilikuwa makadirio ya mhandisi anayejua kiwanda chake. Lakini ikaleta tabia mpya duniani. Ukinunua jembe, hulali ukiwaza jembe la mwaka kesho. Ukinunua kompyuta, siku hiyo hiyo unajua kuna nzuri kuliko yako inapikwa mahali.

Tabia hiyo inadaiwa kuua kampuni moja mapema sana. Aprili 1981 Adam Osborne alizindua Osborne 1, kompyuta ya kubeba mkononi. Nasema kubeba, lakini ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi na skrini ya inchi 5, yaani mtoto wa mwaka mmoja mwenye kidirisha. Bei yake dola 1,795, na ilinunuliwa kweli kweli. Halafu mwaka 1983 Osborne akaanza kusifia mashini yake inayofuata, Executive, kabla haijafika madukani. Wauzaji wakafikiri kama nyinyi mnavyofikiri sasa: kwa nini tununue hii na ingine inakuja? Wakasitisha oda. Septemba 1983 kampuni ikatangaza kufilisika. Mpaka leo watu wa biashara wanaiita athari ya Osborne. Kuna wanaobisha, wanasema kampuni iliumizwa zaidi na Kaypro, mpinzani aliyekuja na skrini kubwa, na pia na usimamizi mbovu wa pesa. Mimi naona zote zinaweza kuwa kweli. Kampuni yenye afya haiuawi na tangazo moja.

Ila kampuni zilizobaki zilijifunza kitu hapo. Kutangaza kitu cha kesho ni silaha, na ukiishika vizuri inamlenga mpinzani badala ya kukulenga wewe. Ukimwambia mteja mwezi wa 10 kwamba chipu yako inakuja mwaka mpya, huenda akaacha kununua ya mwenzako mwezi wa 12. Kwa hivyo mkisoma habari za Panther Lake, kumbukeni kwamba habari yenyewe ni sehemu ya biashara. Unaposimama kungoja, kuna mtu tayari anafaidika na kusimama kwako.

Sisemi kungoja hakujawahi kulipa. Kulilipa, tena sana. Pentium ya kwanza ilitoka 1993 ikienda kwa megahezi 60 na 66. Novemba 2000 Pentium 4 ilianza na gigahezi 1.4 na 1.5. Hiyo ni zaidi ya mara 20 kwa miaka 7. Megahezi si kila kitu, najua, na hiyo Pentium 4 ya mwanzo ilishindwa na Pentium III kwenye baadhi ya kazi. Lakini mtu wa miaka hiyo aliyengoja miaka miwili alipata mashini nyingine kabisa kwa pesa ile ile. Ushauri wa "ngoja kidogo" ulizaliwa enzi hizo, na wakati huo ulikuwa ushauri mzuri. Shida ni kwamba ushauri uliendelea kuishi baada ya sababu yake kufa.

Sababu yake ilikufa kwa joto. Chipu za Pentium 4 zilifika mahali zikawa zinachemka kama sufuria ya githeri. Intel ilikuwa imeahidi mrithi wake, jina lake la ndani Tejas. Mei 2004 ikafuta mradi. Aliyekuwa anangoja Tejas alingoja kitu ambacho hakikuuzwa hata kimoja. Miaka miwili baadaye, Julai 2006, ikaja Core 2 Duo, na hiyo ilikuwa moto kwelikweli. Angalieni hapo. Ahadi yenyewe haikutimia, na kilichofaa kilikuja kwa njia nyingine.

Ikarudi tena hivyo hivyo, na mara hii ndiyo inatuhusu sana sisi wa Kangema, kwa hivyo nitakaa hapa kidogo.

Kuanzia 2014 Intel ilikuwa inatengeneza chipu kwa teknolojia ya nanomita 14. Iliyofuata, ya nanomita 10, ilikuwa ije 2016. Haikuja. Ikasogezwa, ikasogezwa tena. Mwaka 2018 kikatokea kichipu kimoja kidogo kwenye laptopu chache sana, ni kama cha kuonyesha wenye hisa kwamba kazi inaendelea. Laptopu za kawaida zilianza kuiona 2019. Katika miaka hiyo yote ya "inakuja, inakuja", Intel iliuza kizazi cha 6, kikafuata cha 7, na ukifungua laptopu ya ofisi ya vizazi vyote viwili, yenye i5 ya kutunza betri, unakuta kore mbili. Mbili tu! Kizazi cha 5 mbili, cha 6 mbili, cha 7 mbili. Jina linabadilika, stika inabadilika, ndani ni mbili.

Halafu Agosti 2017 kikaja kizazi cha 8, na i5 ile ile ya laptopu ikawa na kore 4. Mara mbili kwa usiku mmoja. Je, ni ile teknolojia mpya iliyongojewa ndiyo ilifika? Wapi. Ilikuwa bado nanomita 14. Kilichofika ni AMD: Machi mwaka huo huo walikuwa wametoa Ryzen ya kompyuta za mezani yenye kore 8, na Intel haikuweza tena kuwauzia watu mbili kwa bei ya nne. Ruka kubwa kuliko zote katika miaka hiyo haikutokana na ahadi iliyotangazwa. Naamini ilitokana na mshindani aliyebisha mlango.

Sasa tuhame, tuje kwetu.

Laptopu mpya kabisa, ya kufungua karatasi, ni wangapi hapa tumewahi kununua? Tunanunua za mitumba. Tunaziita "ex-UK", hata kama zimetoka Uholanzi ama Marekani. Safari yake iko hivi: ofisi fulani, tuseme ya bima kule Manchester, inanunua laptopu mia kwa mpigo. Baada ya miaka 3, 4 au 5 inabadilisha zote. Zile za zamani zinachukuliwa na kampuni ya kukusanya, zinafutwa data, zinapangwa kwa daraja kulingana na mikwaruzo, zinapakiwa, zinavuka bahari. Zikishuka zinaenda Nairobi, Moi Avenue na Luthuli, halafu Murang'a, halafu ndiyo mmoja wetu anapanda nayo kwa matatu mpaka Kangema akiwa ameikumbatia kama mtoto.

Kwa hivyo kizazi kipya cha Intel kinatufikia kikiwa na miaka mitano, sita, wakati mwingine nane. Ukiambiwa "ngoja Panther Lake", kwa kalenda yetu umeambiwa ngoja mpaka 2031 hivi, ofisi ya Manchester itakapochoka nayo. Kizazi kipya chetu, kile ambacho kwa haki tunaweza kujiuliza kama tukingoje, ni kile cha 8 na vile vilivyokifuata karibu. Ndiyo maana nilikaa kwenye hiyo hadithi ya kore.

Hebu tazama mashini ambayo karibu kila mtu anayefanya kazi ya mtandaoni hapa anayo: HP EliteBook 840 G3. Ni ngumu, ina kibodi nzuri, haina maringo. Hii ninayoandikia ni hiyo. Ndani ni kizazi cha 6, kore mbili. Oktoba 2021 Microsoft ilipotoa Windows 11, ilichora mstari: kwa upande wa Intel, isipokuwa chipu chache sana, ni kizazi cha 8 kwenda juu. Chini ya hapo, hairuhusu rasmi. Halafu ikatangaza kwamba Windows 10 itaacha kupewa masasisho ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025.

Oktoba 2025. Mwezi wa bonasi. Sidhani kuna mtu Microsoft aliyekuwa anawaza kuhusu KTDA, lakini mambo yaligongana hivyo. Ofisi za kule zilikuwa na sababu nzito ya kutoa mashini zote za kizazi cha 6 na 7 kabla ya tarehe hiyo, na wakati zinatoa, huku ndiko pesa zinaingia. Ukiona tangazo la "ex-UK, safi, bei poa", uliza kizazi kwanza. Mara nyingi utakuta unauziwa mstari wa Microsoft, upande wa chini.

Na msidanganywe na majina. Rafiki yangu mmoja aliuziwa 840 G5 na duka fulani Nairobi, akaambiwa "hii ni G5 boss, ni kizazi cha 8." Akafika nyumbani akaangalia: i5-7300U. Hiyo ni ya 7, kore mbili. HP waliuza G5 zingine zikiwa na prosesa za kizazi cha 7, kwa hivyo duka halikusema uongo kuhusu G5, lilisema uongo kuhusu kizazi. Tarakimu inayofuata mstari mdogo baada ya i5 ndiyo inasema ukweli: ikiwa 8250U ama 8350U, sawa. Ikianza na 7, rudisha.

Kuna kitu kingine kwenye kalenda yetu ambacho YouTube haitakuambia, nacho ni shilingi.

Chukua laptopu ya mtumba ambayo muagizaji anailipa dola 300. Mwanzoni mwa 2020 dola ilikuwa karibu shilingi 101, kwa hivyo ni 30,300. Januari 2024 dola ilipita 160: mashini ile ile, kizazi kile kile, imekuwa mzee zaidi, na sasa ni 48,000. Februari 2024 serikali ikafanikiwa kukopa dola bilioni 1.5 na kuanza kununua ile Eurobond ya bilioni 2 iliyokuwa inaiva Juni, watu wakapumua, na ndani ya miezi michache dola ikarudi karibu 129. Hapo ni 38,700. Aliyengoja kutoka Januari hadi katikati ya mwaka aliokoa shilingi elfu tisa na kitu, na Intel haikuhusika hata kidogo. Aliyengoja kutoka 2020 hadi Januari 2024 kwa sababu ati bei za kompyuta hushuka zikizeeka, huyo aliona maajabu.

Na kwetu hapa kuna msokoto zaidi. Chai yetu inauzwa mnada wa Mombasa kwa dola. Shilingi ikiwa dhaifu, dola hizo zinageuka kuwa shilingi nyingi na bonasi inanona, lakini laptopu nayo inapanda. Shilingi ikipata nguvu, laptopu inashuka na bonasi inakonda. Mwaka huu bonasi ilishuka kwa viwanda vingi, na hiyo dola ilikuwa moja ya sababu tulizopewa. Kwa hivyo mkulima wa Kangema anayengoja dola ishuke ili mtoto anunuliwe kompyuta anangoja pia pesa zake mwenyewe zipungue. Sijawahi kuona mtaalamu wa teknolojia akipiga hesabu hiyo.

Kungoja kwingine tunakokujua sana ni kungoja serikali. Mwaka 2013 Jubilee iliahidi laptopu kwa kila mtoto anayeingia darasa la kwanza. Mwanzoni mwa 2014 zabuni ikapewa kampuni ya India, Olive Telecommunication, wenzake wakalalamika, ikafutwa, ikaenda mahakamani. Mradi ukabadilishwa sura, ukawa tabiti, ukapewa miungano miwili, mmoja wa Chuo Kikuu cha Moi na kampuni ya Ureno, mwingine wa JKUAT na kampuni za Amerika Kusini. Vifaa vikaanza kufika shuleni 2016. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza Januari 2014, yule ambaye ahadi ilisemwa kwa jina lake, wakati huo yuko darasa la 3. Sina nia ya kurudia siasa za nani alikula nini. Nataka muone tu kwamba kitu kilichongojewa na kitu kilichokuja vilikuwa vitu viwili, na waliongoja na waliopokea walikuwa watoto wawili. Ni kama Tejas, ila hii ilikuwa na kampeni.

Wazee wetu wa kahawa, kule chini tukikaribia Murang'a, wana akili ya hili jambo kuliko sisi. Ruiru 11, aina inayostahimili magonjwa, ilitolewa 1985. Batian, iliyoboreshwa zaidi, ikatolewa 2010. Aliyesema 1985 "mimi nangoja ile bora zaidi" angengoja miaka 25 akiwa na shamba tupu. Hawakufanya hivyo. Wengine walibaki na SL28 zao, halafu aina mpya ilipokuja wakakata shina la zamani na kupandikiza mpya juu yake. Mizizi ya babu, matawi ya leo. Ukinunua SSD na RAM ukaweka kwenye laptopu yako ya zamani, umefanya kitu hicho hicho. Na 840 G3 inakubali vizuri, ina nafasi mbili za RAM, bisibisi na dakika kumi zinatosha.

Ningewaambia wote mfanye hivyo, kama si kilichotokea majuzi. Mwaka huu bei ya RAM imepanda vibaya sana duniani kwa sababu vituo vikubwa vya data vya akili bandia vinanunua chipu za kumbukumbu zote. Mwanzoni mwa Desemba hii Micron imetangaza kwamba inafunga Crucial, chapa ambayo sisi wanunuzi wadogo tumeitegemea kwa RAM na SSD kwa miaka mingi, ili chipu zake ziende kwa wateja wakubwa. Hiyo imepindua kanuni ya zamani kabisa ya kompyuta, kwamba kesho ni rahisi kuliko leo. Kwa RAM, kesho inaonekana itakuwa ghali. Na laptopu mpya zitakazokuja na hizo prosesa zote za mwaka ujao zinahitaji RAM hiyo hiyo, kwa hivyo hata anayengoja mpya, asishangae bei.

Sasa jibu langu, maana najua wengine mmeruka mpaka hapa.

Kama laptopu yako inafungua, kazi yako ni maandishi, barua pepe na kivinjari, usinunue kitu. Jiandikishe kwa ule mpango wa Microsoft wa kuongezewa masasisho ya Windows 10 hadi Oktoba 2026. Ukiingia na akaunti ya Microsoft na kukubali mipangilio yako ihifadhiwe kwao, hulipi. Huo ni mwaka mmoja wa kungoja wenye tarehe ya mwisho inayojulikana, na kungoja kwa aina hiyo ndiko pekee ninakokuamini. Ndani ya mwaka huo mashini za kizazi cha 8 na cha 10 zitaendelea kutolewa na ofisi za kule, na natarajia zitafika nyingi.

Kama kazi yako inakwama, usingoje. Hapa naongea kuhusu mimi mwenyewe. Ninaediti video, na Desemba hapa ni mwezi wa ruracio. Video ya dakika 40 ya ruracio kwenye kore mbili inaanza kutengenezwa nikila chakula cha jioni na ninaamka inasema imebaki saa moja. Mashini ikiwa kwenye hiyo kazi siwezi kuigusa kwa kitu kingine. Mwezi huu nimekataa ruracio mbili. Hiyo ndiyo gharama ya kungoja ambayo haionekani kwenye video za kulinganisha prosesa: haikatwi kutoka kwa pesa ulizo nazo, inakatwa kutoka kwa zile ambazo hazikuingia.

Pesa zenyewe ni za Mathe. Ni bonasi yake, amechuna majani hayo kwa baridi mnayoijua, na Januari ndugu yangu anaingia Gredi ya 10, wao ndio kundi la kwanza, na orodha ya vitu vya shule imekuja ndefu. Kwa hivyo nilimweleza yote haya jikoni, Intel, dola, RAM, yeye akimenya viazi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa hiyo ingine mpya ikija, hii utakuwa umenunua itakuwa imeoza?"

Nikamwambia, "La, mami, itafanya kazi vile vile ilifanya jana yake."

"Basi unangoja nini? Lipia mtoto shule kwanza, itakayobaki mnunue."

Kwa hivyo mpango uko hivyo. Karo kwanza. Itakayobaki inatosha, nikihesabu vizuri, kizazi cha 8 chenye RAM ya GB 16 tayari ndani yake, kwa sababu kwa sasa kununua RAM ikiwa ndani ya mtumba ni nafuu kuliko kuinunua peke yake, na sidhani maduka yote yameshtuka bado. Hii G3 haitupwi. Nitaiwekea Linux, ndugu yangu aitumie akirudi likizo, kore mbili zinatosha kuandika insha.

Wiki ya pili ya Januari nitashuka Nairobi na matatu ya saa kumi na moja asubuhi. Sitauliza muuzaji kizazi. Nitawasha mashini, nifungue Task Manager, nihesabu kore. Zikiwa mbili, naiacha hapo kwa kaunta, naingia duka linalofuata.